Kwa Penseli

Mwinyikondo hupanga vitabu vyake juu ya turubai
kando ya barabara ya Samora, mgongo kwenye ukuta wa benki,
na kabla hujamuuliza bei
yeye hukuuliza: "Kile cha juzi kimekaaje?"
Ukijibu "kizuri" basi, hakupunguzii hata senti.

Mimi nauza rangi za nyumba, Mtaa wa Narung'ombe.
Nasoma kati ya mteja na mteja,
kwa hiyo kila kitabu changu kina alama ya kidole cheupe mahali,
na kile cha mapenzi kina kidole cha kijani,
kijani cha msikiti, Mungu anisamehe.

Nimwambie nini?
Riwaya ile kongwe ya upelelezi, inayosifiwa na kila mtu,
kurasa zake nne za mwisho zimechanwa, labda zilifungia karanga.
Nikamhukumu daktari mwenyewe.
Mtu anayenawa mikono mara tatu katika sura moja
ana lake jambo.
Mwinyikondo anaapa aliyeua ni mpishi.
Basi aliyekosea ni mwandishi, si mimi.

Ile nene, tafsiri kutoka nchi ya theluji,
niliisoma Ramadhani nzima hadi ukurasa wa mia na sita,
nikaiheshimu,
nikaiweka chini ya mguu wa friji.
Friji haijatikisika tangu siku hiyo.
Asiniambie mtu kwamba sikuona uzito wake.

Tamthilia sisomi peke yangu.
Sekela wa duka la bawaba huchukua nusu ya wahusika,
na wote wanaokufa ni wake, tumekubaliana.
Hufa vizuri mno:
mteja mmoja wa gundi alitoka mbio kuita bajaji.

Na yule msafiri wa zamani aliyepita bara na kofia yake,
aliyeandika kila kilima alichokiona kana kwamba amekizaa:
punda wake ana jina.
Wapagazi mia na arobaini, hata mmoja hana.
Sifa zote nilimwachia punda.

Tenzi nazisoma kwa sauti, duka likiwa tupu;
makopo hurudisha mwangwi, unajiona una kijiji.
Ila zile beti za kumtia mke adabu
nilizijibu pembeni, kwa vina, wasije wakasema siwezi:

    Waniusia nicheke, hata nina la moyoni,
    Mume asikasirike, aingiapo nyumbani,
    Sasa wasia wa kwake, umeuweka jalani?
    Nami kalamu nishike, niuandike dukani.

Jumamosi iliyopita, chini ya kamusi isiyo na herufi A,
nikaona kitabu chembamba, jalada la gazeti.
Nilikijua kwa harufu kabla ya jina.
Mke anamfungulia mume mlango baada ya miaka sita,
hamuulizi alikokuwa,
anampa maji ya kuoga.
Walimu walitulazimisha tukiite kito.
Ukurasa wa tisini, mwandiko wangu wa usichana,
penseli imekandamizwa hadi karatasi imetoboka:
UONGO. HAKUNA MWANAMKE WA HIVI.

Nilisimama hapo, watu wakinipita kwa mabega,
na mlinzi wa benki akiniambia nisogee, dada, nisogee.
Nikaazima penseli ya Mwinyikondo.
Nikaandika chini yake, polepole, bila kukandamiza:
Yupo. Anakaa Tandika.
Maji aliyachemsha kabisa.

Mwinyikondo akakipokea, akasoma,
safari hii hakuniuliza kimekaaje.
Akapandisha bei kwa mia tano.
Nikalipa.